Mkasi, Gundi na Herufi X

Chukua Kamusi ya Kiswahili Sanifu, ile ya TUKI iliyotoka mwaka 1981, ufunue kurasa za mwisho. Ukitoka W unaingia Y. X haipo. Q nayo haipo, na C haiwezi kusimama peke yake mpaka ishikwe mkono na H. Yaani kwetu sisi X ni herufi isiyo na ajira. Lakini kaa mbele ya kompyuta yoyote, iwe ya ofisi kubwa mjini au hii yangu ninayouzia nyimbo hapa Mbwera, utaikuta X inachapa kazi kutwa. Inakata maneno, inahamisha mafaili, na katika programu moja ya muziki ndiyo inayoanzisha wimbo. Nani aliipa kazi hiyo? Na kwa nini sisi tunaoitumia kila siku hatumjui?

Ndugu msomaji, najua unachotaka kusema: hayo ni mambo ya mafundi, sisi wenye mashairi na hadithi yanatuhusu nini? Subiri kwanza. Historia hii haianzii kwa mafundi. Inaanzia mezani kwa watu kama wewe, watu wa kalamu.

Zamani kukata na kubandika hakukuwa lugha ya mafumbo. Mhariri alishika mkasi wa kweli. Aya ikikaa vibaya ukurasa wa tatu aliikata, akaipaka gundi, akaibandika ukurasa wa tano. Wakubwa zetu waliotoa vijarida kwa taipureta na stensili wanaijua kazi hiyo mpaka harufu yake. Ukikosea mstari mmoja, stensili nzima inaingia dosari.

Sasa, mwaka 1973 Mmarekani mmoja, Larry Tesler, alianza kazi katika kituo cha utafiti cha kampuni ya Xerox, Palo Alto, California. Xerox ilikuwa pia inamiliki kampuni ya vitabu vya shule iliyoitwa Ginn, upande wa pili wa Marekani, karibu na Boston. Wahariri wa Ginn walitaka kusaidiwa na kompyuta. Tesler na mwenzake Tim Mott wakapewa kazi, na walichofanya ndicho kinachonifurahisha hadi leo. Hawakuanza na mashine, walianza na wahariri. Mott alikwenda akakaa nao akiangalia mikono yao: mkasi unaingia wapi, gundi inapakwa lini, kalamu nyekundu inachora alama gani. Kutokana na hayo wakatengeneza programu ya kuandikia iliyoitwa Gypsy, ambayo kufikia mwaka 1975 ilikuwa inafanya kazi. Humo mtu alichagua maneno, akayakata, akayabandika pengine. Mkasi na gundi vikaingia ndani ya kioo.

Tesler alikuwa na ugomvi na jambo moja. Programu za wakati ule zilikuwa na hali. Kitufe kilekile, katika hali moja kinaandika herufi, katika hali nyingine kinatoa amri. Palepale Palo Alto kulikuwa na programu ya kuandikia iliyoitwa Bravo, na watu wakapata kisa chake. Mtu akiandika neno "edit", yaani hariri, akidhani yumo katika hali ya kuandika, kumbe yumo katika hali ya amri, mashine ilimtii herufi kwa herufi. E: chagua kila kitu. D: futa. I: ingiza. T: akaachiwa herufi t peke yake kwenye ukurasa mtupu. Fikiria riwaya yako ya miezi sita imegeuka t! Mashine haikuharibika. Ilitii. Aliyepotea ni mtu ambaye hakujua yumo katika hali gani.

Sisi watu wa delta ya Rufiji hatuhitaji kwenda California kulielewa hilo. Katikati ya mikoko yetu kuna vijito vya mkato. Maji yakijaa, kijito kinakufikisha mapema kuliko mto mkubwa. Yakipwa, mtumbwi unakaa juu ya tope, na wewe unakaa na mbu mpaka maji yarudi. Kijito ni kilekile na kasia ni lilelile, kilichobadilika ni hali ya maji. Hata vita kubwa ilifundishwa somo hili hapahapa. Mwaka 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliingia kujificha ndani ya delta. Meli kubwa za Waingereza zikabaki nje kwa sababu kina hakikuziruhusu. Ikabidi ziletwe Severn na Mersey, meli za mizinga zisizozama sana majini, na tarehe 11 Julai 1915 safari ya Königsberg ikaishia humo. Nguvu peke yake haikutosha. Ilibidi chombo kilingane na maji.

Basi njia ya mkato ya kibodi ni kijito. Inakufikisha upesi ukijua maji yako wapi. Usipojua, unakwama, halafu unailaumu njia.

Mwaka 1980 Tesler alihamia Apple, na kompyuta ya Apple Lisa ilipotoka mwaka 1983 ilikuwa na herufi tunazozijua: Z, X, C na V. Zilichaguliwa kwa sababu za kawaida kabisa. Ziko pamoja kwenye mstari wa chini, upande wa kushoto, ili mkono wa kulia ubaki kwenye kipanya. C ni ya neno la Kiingereza la kunakili. X ni alama ya kufuta, kama ile ya mwalimu anayekata jibu. V inafanana na kialama cha wahariri cha kuingiza neno, kikiwa kimepinduliwa juu chini. Umeona? Kalamu nyekundu imo humo bado. Na dawa ya ule ugonjwa wa hali ikawa kitufe cha kushikilia: ukikibonyeza, herufi inakuwa amri, ukikiachia, inarudi kuwa herufi. Kidole chenyewe kinakukumbusha uko wapi. Macintosh ya mwaka 1984 ikazirithi herufi hizo, baadaye Windows nayo ikazichukua kwa kitufe cha Ctrl, na leo dunia nzima inakata kwa X. Tesler alifariki mwezi Februari 2020. Nina hakika wengi waliobonyeza Ctrl na C siku ile hawakujua wanatumia mkono wa marehemu.

Turudi nyumbani. Wakati Mott anatazama mikono ya wahariri, sisi tulikuwa wapi?

Serikali yetu ilifunga kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965, Wizara ya Fedha. Mwaka 1974, baada ya shughuli za hesabu kwa kompyuta kwenda mrama na fedha za kigeni kuwa adimu, ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini bila kibali maalumu. Sitaki kuwacheka wazee waliotoa amri hiyo. Nchi ilikuwa inabana matumizi, na mashine zile zilikula fedha bila kurudisha kitu. Masharti yalilegezwa kidogokidogo miaka ya 1980. Lakini tazama tarehe zenyewe. Miaka ileile ambayo kukata na kubandika kulikuwa kunazaliwa, sisi mlango ulikuwa umefungwa. Kompyuta ilipokuja kuenea mitaani kwetu miaka ya 1990 na kuendelea, ilikuja imeshakomaa, herufi zimeshagawiwa kazi, na aliyezigawa hakuwa na habari kwamba kuna lugha isiyo na X. Hata mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa programu za ofisi za Kiswahili zilizoitwa Jambo OpenOffice, menyu zilizungumza lugha yetu, ila kunakili kulibaki C. Nakili inaanza na N, lakini nani ataihamisha dunia?

Ndiyo maana kijana wa kwetu anapoiona mashine inagoma, mawazo ya kwanza ni uganga. Mashine ina shetani. Mashine haimpendi. Mtu hawezi kuuliza "nani aliamua hivi na kwa nini" kuhusu kitu anachodhani kimeshuka kutoka mbinguni.

Sasa tuingie kwenye muziki, ambako ndiko ninakopatia ugali wangu.

Huko Ujerumani, kwenye taasisi ya Fraunhofer mjini Erlangen, mainjinia walitafuta namna ya kubana sauti ichukue nafasi ndogo. Wimbo wa dakika nne kwenye sidii unakula kama megabaiti 42. Ukibanwa kwa kiwango cha kawaida cha MP3 unakuwa karibu megabaiti 4. Mwaka 1995 mafaili hayo yalipewa rasmi jina lao, .mp3. Miaka miwili baadaye, 1997, kijana Mmarekani Justin Frankel, aliyekuwa ameacha chuo akiwa bado chini ya miaka 20, akatoa Winamp, programu ya kuyapiga mafaili hayo. Mwaka 1999 kampuni yake ikanunuliwa na AOL kwa mamilioni ya dola, lakini programu ilikuwa imeshazagaa dunia nzima, na kwenye kompyuta nyingi za mitumba zilizotufikia tuliikuta imeshawekwa.

Frankel alifanya jambo la kijana wa kijiweni. Alichukua vitufe vya redio kaseti akavilaza chini ya kibodi kwa mpangilio uleule: Z kurudi nyuma, X kupiga, C kusimamisha kidogo, V kuzima, B kwenda mbele. Hakuna Ctrl, herufi tupu tu. Aliyewahi kushika redio kaseti anazijua bila kufundishwa. Mimi nilifurahi sana nilipoziona, maana hapa kwetu hewa ya chumvi inaua vipanya kama dawa ya mbu, na betri ya sola haina muda wa kungoja mtu anayetafuta mshale kwenye kioo.

Ila ona kilichotokea: zile herufi nne za Tesler, Z, X, C na V, zimepewa kazi mpya. Ugomvi wa hali umerudi kupitia mlango wa uani. V ukiwa kwenye barua inaandika v. Ctrl na V kwenye barua inabandika. Ctrl na V kwenye Winamp inasema: wimbo huu ukiisha, nyamaza. Kinachoamua ni dirisha gani liko mbele. Hayo ndiyo maji ya kujaa na kupwa.

Nililiona hilo kwenye harusi moja hapa kijijini. Muziki unatoka kwenye laptopu yangu, na binamu yangu anaitumia hiyohiyo kuingiza majina ya waliochanga. Wimbo ukaisha. Kimya. Kina mama waliokuwa uwanjani wakabaki mikono hewani. Mzee mmoja akanisogelea.

"Mwanangu, mashine imekufa?"

"Haijafa, mzee wangu. Imeambiwa inyamaze."

"Na nani?"

"Na kidole."

Binamu alikuwa anabandika jina, dirisha la muziki likiwa mbele. Mashine ikamtii. Nilibonyeza X wimbo ukaendelea, halafu Alt na Tab nikamrudishia orodha yake. Sekunde tatu. Mzee akaniambia nina mkono mwepesi. Nikamjibu kwamba mkono ni wa kawaida, nilichojua ni maji yako wapi. Akacheka, maana hayo yeye anayajua kuliko mimi.

Lakini si kila siku ni harusi. Kuna siku mashine inaganda kweli, na hapo ndipo historia inaokoa kitu.

Nina shangazi ambaye ujana wake wote aliamia ndege mashamba ya mpunga. Akiwa juu ya dungu aliimba, na wenzake madungu ya jirani wakaitikia, mchana kutwa. Ndugu mmoja aliwarekodi kwenye kaseti. Kaseti zilianza kuliwa na unyevu, nikazipitisha kwenye kompyuta nyimbo moja moja, nikiikodolea macho redio nzee isije ikatafuna utepe. Wengi wa wale waitikiaji hawapo tena. Sauti zao zilikuwa kwenye laptopu moja tu.

Siku moja programu ya muziki ikaanza kuganda kila ninapoifungua. Dirisha linakuja, linapauka, halisikii kitufe chochote. Nilipokwenda mjini nikamwonyesha fundi mmoja. Hakuitazama hata dakika mbili. Akasema, "Hiyo piga fomati tu, mshikaji."

Wangapi mmesikia neno hilo? Piga fomati. Maana yake choma nyumba ili umpate panya. Kwa wateja wengi ndio mwisho wa picha za harusi, mashairi, na sauti za marehemu.

Mimi nilikuwa nimesoma habari za David Bradley. Huyu ni injinia wa IBM aliyekuwa kwenye kundi lililotengeneza kompyuta binafsi ya IBM, ile iliyotoka mwaka 1981. Walipokuwa wanaijaribu, mashine iliganda mara kwa mara, na kuizima na kuiwasha upya kulikula muda. Akawawekea wenzake njia ya mkato ya kuianzisha tena: Ctrl, Alt na Esc. Wakagundua mtu anaweza kuzigusa kwa bahati mbaya kwa mkono mmoja, kwa hiyo Esc ikaondolewa ikaja Del, iliyokuwa mbali, ili ihitajike mikono miwili. Haikukusudiwa itufikie sisi. Ilikuwa siri ya mafundi iliyotoroka. Baadaye Windows ikaigeuza kuwa mlango wa kuifikia programu iliyoganda, na tangu miaka ya 1990 kuna mkato mwingine, Ctrl, Shift na Esc, unaofungua orodha ya programu zote zinazofanya kazi ili uchague iliyokwama umalizane nayo peke yake.

Hebu angalia mwelekeo wa historia hiyo. Kwanza ilikuwa kuzima mashine nzima. Kisha kuianzisha upya bila kuizima. Kisha kuua programu moja tu na kuziacha nyingine zikiendelea. Kila hatua inazidi kuwa ndogo na ya huruma. Fundi anayeanza na fomati anairudisha historia nyuma kabla ya 1981.

Kwa hiyo nilifanya hivi, na nakuandikia nawe uweze. Ctrl, Shift, Esc, nikaichagua programu iliyoganda, nikaimaliza. Kisha nikajiuliza: inapofunguka inasoma nini? Inasoma orodha ya nyimbo ilizoziacha jana, ambayo ni faili la kawaida kabisa, lina majina ya nyimbo tu, nyimbo zenyewe haziko humo. Nikalibadilisha jina lile faili la orodha. Sikulifuta. Programu ikafunguka safi, haina kitu. Maana yake programu ni nzima na tatizo limo kwenye orodha. Nikaingiza nusu ya nyimbo: sawa. Nikaingiza nusu ya pili: ikaganda. Nikaigawa hiyo nusu mara mbili, na tena, na tena. Nyimbo 1,000 ukizigawa hivyo huhitaji zaidi ya mara kumi kumpata mwenye kosa. Nikampata: wimbo uliokuwa unahamishwa kutoka memori kadi ya mteja, kadi ikachomolewa kabla haujamaliza, ukabaki nusu kiwiliwili. Nikauondoa. Kazi imekwisha.

Shangazi yumo. Waitikiaji wake wamo. Jioni ileile nikazinakili nyimbo zao kwenye flashi mbili, Ctrl na C, Ctrl na V, moja nikampelekea mwenyewe, moja ikaenda kwa jamaa wa Kibiti.

Ndugu zangu wa kalamu, mnaona sasa kwa nini nimewachosha na habari za Tesler na Bradley? Kibodi haikushuka. Kila mkato uliomo uliamuliwa na mtu aliyekuwa na shida siku hiyo: mhariri aliyechoka na gundi, injinia aliyechoka kungoja, kijana aliyeipenda redio kaseti yake. Kilichoamuliwa na mtu kinaweza kuulizwa na mtu, kutengenezwa na mtu, hata kubishiwa. Anayelijua hilo hatishwi kirahisi na neno fomati.

Na liko jambo la mwisho. Leo vijana wa Dar, Nairobi na Kampala wanatengeneza programu zao, za muziki zikiwemo. Nawaomba wafanye kama Mott. Kabla ya kugawa kazi za vitufe, wakakae kwanza na watu waitazame mikono yao: ya DJ wa singeli Manzese, ya mama anayetafuta kaswida kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, ya muuza nyimbo anayefanya kazi na betri iliyobakiza asilimia nane. Wakitaka kuja Mbwera wapandie boti Nyamisati, ila waulize kwanza maji yanajaa saa ngapi.